Kifungu cha Kumi na Saba

Nairobi,
10 Machi 2025

Shemeji Gentrix,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tangu tumzike mama simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma na kunyamaza. Karatasi angalau utaitia kwenye faili. Najua unavyopenda faili.

Jumanne ijayo watafika wageni wawili kutoka huku. Ni washirika ninaozungumza nao kuhusu maendeleo ya Ingo, kampuni aliyotuachia mama. Usiwaulize maswali, wao ndio watakaokuuliza. Watataka kuona orodha ya wagonjwa wote themanini na wanne, mkataba wetu na kaunti, na vyeti vya wauguzi. Wakitaka kujua kazi inavyokwenda, waambie kwamba kaunti hutulipa ili wauguzi wetu wawafuate majumbani wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani. Basi. Usianze hadithi ya kila kidonda na kila mzee wa Navakholo.

Naomba pia ofisi ya Lurambi isafishwe. Nilipokuja mara ya mwisho nilikuta kuku amefungwa miguu chini ya meza ya mapokezi, ukaniambia ni shukrani ya mgonjwa. Niliona aibu. Kampuni yenye mkataba wa serikali haishukuriwi kwa kuku.

Wauguzi usiwaambie lolote. Mama alikuachia hisa arobaini kwa huruma, kwa kuwa wewe ni mjane wa ndugu yangu Bravin na yeye hakukuachia kitu. Mimi aliniachia sitini kwa kuwa ni mtoto wake wa kwanza na biashara naijua. Sisemi hivi kukuumiza. Nasema ili kila mtu akae kwenye kiti chake.

Willis Osundwa
Mkurugenzi


Lurambi,
20 Machi 2025

Shemeji Willis,

Wageni wako walifika. Ingokho yetu, yule kuku wa chini ya meza, hawakuikuta. Tuliila Jumapili na obusuma, ugali wa kwetu, na wauguzi wanakushukuru kwa kuikumbuka.

Yule mwanamke anaitwa Mitchel, wa kampuni ya Sahilika Afya. Ana adabu. Mwenzake hakunitajia jina. Niliwapeleka Navakholo kwa Mwalimu Khisa, yule aliyekufundisha darasa la sita, kwa sababu nilidhani mtu anayetaka kuijua kazi atataka kuiona. Mvua ilikuwa imenyesha. Yule bwana alitazama matope, akabaki garini na kioo amekipandisha. Mitchel alishuka. Alisimama mlangoni wakati muuguzi wetu Wangila akimgeuza Mwalimu ubavu, akimsafisha kidonda cha mgongoni na kumbadilishia mpira wa mkojo. Kiharusi kimemnyang'anya Mwalimu mkono, mguu na kauli. Anayezungumza ni mkewe, Mama Priscah, naye husoma macho ya mumewe. Mitchel alitazama saa, akaniuliza kwa nini ziara moja ichukue dakika arobaini. Nikamwambia kwamba mwili wa binadamu una pande mbili.

Sasa nikuulize wewe unayeijua biashara. Unauza hisa zako? Kama unauza, ni haki yako na sitalia. Lakini fungua mkataba, kifungu cha kumi na saba. Kinasema kampuni ikibadilisha mikono, yaani uwezo wa kuiamua ukienda kwa mtu mwingine, lazima kaunti iandikiwe siku sitini kabla, barua ya kupelekwa kwa mkono, na ikubali kwa maandishi. Bila hivyo wanaweza kuuvunja mkataba. Mama alipoanza kuugua na kutaka kutugawia hisa, aliiandika barua hiyo mwenyewe, na hakutia sahihi kwenye hati mpaka jibu lilipokuja. Nilikuwa nikimshikia karatasi kwa kuwa mkono wake ulitetemeka. Wewe ulikuwa ukipiga simu kila wiki kuuliza kwa nini anachelewa.

Nasubiri jibu la ndiyo au la. Maneno mawili hayo hata mwenye shughuli nyingi anaweza kuyaandika.

Gentrix Nekoye
Msimamizi


Sahilika Afya, Nairobi,
24 Machi 2025

Kwa Msimamizi, Ingo, Lurambi

Bi. Gentrix,

Asante kwa kutupokea vizuri. Nimevutiwa na kazi yenu.

Kama ujuavyo, tangu tarehe 28 Februari Sahilika Afya ndiyo yenye hisa sitini za Ingo zilizokuwa za Bw. Osundwa. Kwa nafasi hiyo tunaanzisha utaratibu wetu kuanzia tarehe mosi Aprili. Kila mgonjwa atapigiwa simu na mtambo wetu mara moja kwa wiki na kuulizwa maswali matano kuhusu hali yake. Muuguzi atatumwa kwa yule tu ambaye majibu yake yanaonyesha ana haja. Ziara zisizotokana na simu hazitaandikwa.

Karibu katika familia ya Sahilika.

Mitchel
Meneja wa Huduma


Nairobi,
25 Machi 2025

Shemeji,

La. Siuzi. Umeridhika?

Ninachofanya kinaitwa kubadilisha muundo. Sahilika ni washirika, na watajaribu utaratibu wao wa simu kwa miezi michache. Ni majaribio tu. Kuhusu kifungu chako cha kumi na saba, nimemuuliza wakili, mtu aliyesomea sheria na si sindano. Anasema kifungu hicho kinahusu kuuhamisha mkataba kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Mkataba wetu hauendi popote. Jina ni lile lile, ofisi ni ile ile, hata kuku wako wanaweza kubaki.

Nakukataza kwenda ofisi za kaunti kuuliza uliza. Mtu akienda kuuliza kama nyumba yake inaungua, majirani huanza kuona moshi.

Willis


Lurambi,
4 Aprili 2025

Shemeji Willis,

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekuelewa. Mimi ni muuguzi tu na mambo ya miundo sikuyasomea. Nisamehe kama nilikuwa mkali.

Naomba nikusumbue kwa jambo moja la mwisho. Wauguzi wamesikia maneno na wana wasiwasi. Ukiniandikia kwa mkono wako kwamba hisa zako sitini bado ni zako, na kwamba hakuna aliyeuziwa chochote, nitawasomea kikaoni watulie. Andika wazi, hawa si watu wa maneno marefu.

Utaratibu wa simu ulianza Jumanne. Tunaufuata kama ulivyoletwa.

Gentrix


Nairobi,
11 Aprili 2025

Shemeji Gentrix,

Hii sasa ndiyo sauti ninayoitaka. Kumbe ukielezwa unaelewa.

Wasomee hivi: Mimi, Willis Osundwa, nathibitisha kwamba hisa zangu sitini katika Ingo ni zangu, na kwamba sijamuuzia mtu yeyote sehemu yoyote ya kampuni. Nimetia sahihi na muhuri hapo chini ili waone uzito.

Mambo yakitulia nitafikiria kukupa cheo kinachokufaa. Kuratibu usafi na vifaa, kwa mfano. Ungeweza.

Willis Osundwa
Mkurugenzi


Lurambi,
22 Aprili 2025

Kwa Bi. Hasina Abu,
Ofisi ya Mikataba ya Huduma, Kakamega

Bi. Hasina,

Mimi ni msimamizi wa Ingo na mwenye hisa arobaini. Nakuletea barua hii kwa mkono wangu kama mkataba unavyotaka.

Mwenye hisa sitini, shemeji yangu Willis Osundwa, amemuuzia mtu mwingine hisa hizo bila kuiandikia kaunti. Nimeambatisha barua ya wanunuzi, Sahilika Afya, inayosema wao ni wamiliki tangu 28 Februari. Nimeambatisha pia barua mbili za shemeji yangu, ya 25 Machi na ya 11 Aprili, ambamo anakana kwa mkono wake. Ya pili ina muhuri.

Wanunuzi wameondoa ziara za nyumbani na kuweka simu. Ni jambo la kusikitisha kwamba tumefika hapa. Nimeona ni wajibu wangu kutoa taarifa.

Gentrix Nekoye


Kakamega,
29 Aprili 2025

Kwa Bi. Gentrix Nekoye
Nakala: Bw. Willis Osundwa, Sahilika Afya

Barua yako nimeipokea.

Ili tusipotezeane muda kikaoni, nieleze jambo moja. Wakili wa Bw. Osundwa, kama yupo, amesoma jina la kifungu akaacha maneno yake. Kifungu cha kumi na saba hakihusu jina la kampuni. Kinahusu nani anayeamua. Kaunti iliwakabidhi Ingo wagonjwa kwa kuwa ilimjua anayeamua, na akibadilika bila sisi kujua, wagonjwa wale wamekabidhiwa mtu tusiyemjua. Hisa sitini kati ya mia zimehama. Basi aliyeamua jana siye anayeamua leo.

Hilo halina maana kwamba mkataba umekufa. Kaunti inaweza kuuvunja, inaweza kukubali baada ya tendo ikiridhika na mmiliki mpya, au inaweza kukubali huduma ihamie kwa wengine wenye uwezo, pande zote zikitia sahihi. Tutaamua baada ya kikao cha tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi. Mpaka hapo ziara za nyumbani zirudi kama mkataba unavyosema, kuanzia kesho.

Bw. Osundwa alete nakala ya barua yake ya taarifa, kama aliwahi kuiandika.

Watu huniletea mkataba ukiwa umeshaoza, kisha wanashangaa ninapoziba pua.

Hasina Abu


Nairobi,
5 Mei 2025

Gentrix,

Sikuiti shemeji leo. Tulikuchukua ukiwa huna hata viatu vya kanisani. Tukakupa jina, kazi na hisa, na malipo yake ni haya. Unanyenyekea kwenye karatasi kama mtoto wa ekaristi, kumbe unakusanya sahihi zangu.

Sahilika wanatishia kunirudishia hisa na kunishtaki. Wakifanya hivyo Ingo inazama na wewe ndani yake, kwa hiyo tuache hasira tutumie akili. Nimeambatisha barua ya taarifa kwa kaunti yenye tarehe 12 Desemba 2024, ambayo ni zaidi ya siku sitini kabla ya mauzo. Sahihi yangu ipo. Ninachohitaji ni muhuri wa ofisi ya Lurambi, na wewe useme kikaoni kwamba nilikupa uipeleke ukasahau kwenye droo. Kusahau si kosa la jinai. Watakuona mzembe tu, na hilo nadhani hawatashangaa.

Ukifanya hivi, hisa kumi zaidi ni zako.

Willis


Lurambi,
9 Mei 2025

Willis,

Barua yako ya Desemba nimeisoma. Inaanza hivi: "Tangu kufariki kwa mama yetu mpendwa, nimeona vyema kuuza hisa zangu." Mama alifariki tarehe 11 Januari. Tarehe 12 Desemba alikuwa amekaa kitandani hapa Lurambi, anakunywa uji na kuuliza kama umepiga simu. Umemuua mama mwezi mmoja kabla ya Mungu, na bado umekosea kuandika jina la mtaa.

Muhuri sitaupiga. Hisa kumi zako zitie kwenye droo hiyo ninamosahau vitu.

Sasa nikueleze habari za biashara. Mtambo wa Sahilika ulimpigia Mwalimu Khisa simu tatu. Simu ilikuwa mezani, na Mwalimu ni mtu asiyeweza kuinua kijiko, sembuse simu. Mara ya kwanza Mama Priscah alikuwa shambani. Mara ya pili alipokea, mtambo ukamtaka mgonjwa mwenyewe aseme ndiyo au la. Akaweka simu kwenye sikio la mumewe. Mwalimu alilia, mtambo ukasema haukusikia jibu. Mara ya tatu hakupokea mtu. Baada ya hapo, kwenye orodha yao, jina lake liliandikwa: ameacha huduma kwa hiari.

Wangila alipomfikia tarehe 30 Aprili, siku ziara ziliporudi, kidonda cha mgongo kilikuwa kimefika kwenye mfupa. Alimkimbiza hospitali. Mwalimu alikufa tarehe 3. Tunamzika kesho Navakholo. Nakuambia kwa kuwa aliwahi kuja hapa na daftari lako la darasa la sita kumwonyesha mama jinsi mwandiko wako ulivyokuwa mzuri. Mama alisimulia jambo hilo mpaka akachoka.

Gentrix


Kakamega,
20 Mei 2025

Kwa Bi. Gentrix Nekoye

Baada ya kikao cha tarehe 15, uamuzi ni huu. Kaunti haikubali mabadiliko ya umiliki wa Ingo. Sahilika waliulizwa mgonjwa asiye na kauli anajibuje simu, wakasema swali hilo watalipeleka kwa watengenezaji. Bw. Osundwa aliulizwa barua ya taarifa, akasema hana. Nilitarajia uongo, na namshukuru kwa kuniokolea muda.

Mkataba na Ingo utakoma tarehe 30 Juni. Wauguzi wameomba huduma ihamie kwenye ushirika wao, ambao walikuwa wameshausajili. Ombi linawezekana iwapo Ingo itakubali kwa sahihi kuachia huduma. Sahilika wameshasema watarudisha hisa kwa Bw. Osundwa, kwa hiyo sahihi inayohitajika ni yake.

Wauguzi wamekupendekeza wewe uwe mkuu wa ushirika. Kabla sijaamua hilo, nina swali ambalo sikuliuliza mbele ya watu.

Barua ya Sahilika uliyoniletea ina muhuri wa kupokelewa wa ofisi yako mwenyewe. Tarehe 26 Machi. Barua yako kwangu ni ya tarehe 22 Aprili. Kutoka Lurambi hadi meza yangu mtu huja kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Siku ishirini na saba ulikuwa wapi?

Hasina Abu


Lurambi,
24 Mei 2025

Bi. Hasina,

Nimeandika jibu hili mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na visingizio na nimezichana.

Nilikuwa hapa. Barua ya Mitchel niliipokea tarehe 26 Machi saa nne asubuhi, na nilipoisoma nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Kwa miaka tisa shemeji yangu amenidharau mbele ya watu, na kwenye mazishi ya mama mkwe wangu alinipanga na wapishi. Siku iliyofuata ikaja barua yake ya kusema hauzi. Nikaona nimemshika. Lakini uongo mmoja niliona hautoshi, nilitaka awe na wa pili, wenye muhuri, ili asipate pa kujificha. Nikamwandikia kwa unyenyekevu. Akajibu tarehe 11 Aprili. Hata hapo sikuja. Nikasubiri utaratibu wa simu uharibike wenyewe, ili nikija kwako nije na mzigo kamili.

Wangila alikuja kwangu tarehe 8 Aprili. Aliniomba ruhusa ya kwenda kwa Mwalimu Khisa bila kuandikiwa, kwa bodaboda ya mfuko wake. Nilimkataza. Nilimwambia, "Ukienda kwa siri, karatasi zitaonyesha simu zinatosha na kila kitu kiko sawa." Aliniangalia akaondoka. Kikaoni hakulisema jambo hilo, na mimi sikumwomba asiseme.

Ningekuja kwako tarehe 26 Machi, ungerudisha ziara simu zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Umezirudisha siku nane baada ya barua yangu, nimeona. Hesabu hiyo haihitaji mtu wa biashara.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafanya siku ishirini na saba.

Gentrix Nekoye


Kakamega,
12 Juni 2025

Kwa Bi. Gentrix Nekoye

Jibu lako nimelipokea. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne na sikumbuki lingine kama hilo, lakini usilichukue kama sifa.

Bw. Osundwa ameleta hati ya kuachia huduma, imetiwa sahihi. Ilikuja ndani ya bahasha bila barua.

Mkataba unahamia kwa ushirika wa wauguzi kuanzia tarehe mosi Julai. Mkuu atakuwa Bw. Wangila. Nilimwita nikamuuliza kuhusu tarehe 8 Aprili, akathibitisha, akasema bado anataka ufanye kazi naye. Hiyo ni hiari yake. Kwa upande wetu, hutatia sahihi hati yoyote ya ushirika kwa miaka miwili. Ziara ni dakika arobaini, zisipungue.

Kuhusu familia ya Mwalimu Khisa, kaunti itawaandikia yaliyotokea. Nimekuachia wiki mbili uwafikie kabla ya barua yetu. Wasiyasikie kwetu kwanza.

Hasina Abu


Navakholo,
2 Julai 2025

Shemeji Willis,

Sijui kama utaisoma hii. Bi. Hasina aliponionyesha ile hati uliyotuma bila neno, nilikaa nayo muda mrefu nikitafuta kama umeandika kitu nyuma ya karatasi. Hukuandika.

Jana tulianza kazi kwa jina jipya. Wangila ndiye mkuu wetu na mimi ni muuguzi wa zamu. Nimepewa wagonjwa kumi na moja wa upande huu. Ingo imebaki yako, na ofisi ya Lurambi nimekuachia funguo kwa mlinzi. Hisa zangu arobaini nimekuhamishia, hati imo humu ndani. Safari hii tulitoa taarifa kwanza.

Katika barua zangu nilikuandikia kana kwamba aliyemuua Mwalimu ni wewe na mtambo wako. Sikukuambia kwamba nilijua mauzo yako tangu tarehe 26 Machi. Nilikuacha uendelee kunidanganya kwa sababu nilipenda kukuona ukishuka, na kila siku uliyozidi kushuka, mgongo wa Mwalimu ulikuwa ukioza, nami nilikuwa nimemzuia Wangila asiende. Niliyakiri hayo kwa Bi. Hasina kwa sababu aliniuliza. Wewe hukuniuliza, lakini nawe unapaswa kujua, kwa kuwa ulitia sahihi ukiamini kwamba mwenye hatia ni mmoja.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Priscah. Nilimkuta akipembua mahindi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa nitaanza kujitetea. Aliendelea kupembua. Alipomaliza ule ungo aliingia ndani, akarudi na mfuko wa bandeji na mipira ya mkojo iliyosalia, vitu vilivyokuwa vya Mwalimu, akaniambia niwapelekee wengine. Kisha akaniambia nisirudi mpaka aniite.

Nilipofika kwenye lango aliniita kwa jina. Nikageuka.

"Na yule shemeji yako," akasema, "anajua mambo haya yote?"

Nikamwambia hujui sehemu yangu. Akasema nikuandikie. Nimekuandikia.

Aliuliza pia kama utakuja kumwambia sehemu yako kwa mdomo wako, au asubiri barua ya kaunti. Nilimjibu kwamba sijui. Tangu Machi, hilo ndilo neno la kwanza juu yako nililolisema bila kukudharau.

Gentrix